Maisha Mawili ya Nzi wa Pampa

Mtu akitajiwa mdudu asiyemjua, mara nyingi swali lake la kwanza ni hili: ana faida gani? Huuliza hivyo kabla hajauliza mdudu huyo anaishi wapi, anakula nini, anazaaje. Swali limetukaa kinywani tangu shuleni, tulipofundishwa kuwagawa wadudu mafungu mawili, marafiki wa mkulima na maadui wa mkulima. Nyuki yuko fungu la kwanza bila ubishi. Tunaambiwa tumfuate tule asali. Quran ina sura nzima yenye jina lake, na Biblia nayo inamtuma mvivu kwa chungu akajifunze kazi. Kwa nzi hatumwi mtu. Methali ikimtaja, inamtaja akifia kidondani, na hata hapo inatuambia si haramu.

Yuko nzi mmoja ambaye kwa muda sasa amenifanya nilitilie shaka swali lenyewe. Jina lake la kitaalamu ni Mallophora ruficauda. Alielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1828 na Wiedemann, daktari wa Kijerumani aliyekuwa bingwa wa elimu ya nzi katika zama zake. Makazi yake ni Pampa, ile nchi tambarare ya nyasi inayoanzia Buenos Aires na kuenea mamia ya kilomita ndani ya Argentina. Ukiwaondoa wafugaji nyuki wa huko na wanasayansi wachache, si wengi waliowahi kumsikia.

Ni wa jamii ya Asilidae, nzi wanyang'anyi. Jamii hii ina spishi zaidi ya 7,000 duniani, na sisi pia tunao. Ukipita njia ya shambani jua likiwa kali, huenda ukamwona mmoja ametua juu ya kijiti au jiwe, mwembamba, miguu ina miiba, kichwa kinageukageuka kufuata kila kinachopita. Macho yake mawili makubwa yametenganishwa na bonde utosini, na usoni ana ndevu ngumu zinazomkinga na windo linalopapatika. Hafuati maua wala uozo. Chakula chake ni wadudu wenzake, na wengi huwakamata hewani. Afrika ya Mashariki ina hata wale wa jenasi ya Hyperechia, weusi na wanene, wanaofanana na nyuki wakubwa wanaotoboa mbao kiasi kwamba mtu huwakwepa wote kwa hofu ileile. Mabuu wao hukulia ndani ya matundu ya nyuki haohao, wakila watoto wao. Hao nao wanastahili makala yao.

Huyu wa Pampa ni mnene pia, ana manyoya, na kwa mbali utadhani ni mmoja wa nyuki wakubwa wenye manyoya manene. Msimu wake ni kiangazi cha kule kusini, Desemba hadi Machi. Hutua karibu na mizinga: kwenye ncha ya jani refu, juu ya nguzo, juu ya waya wa seng'enge. Nyuki anarudi kutoka malishoni, mzito wa nekta, ananyoosha njia kuelekea nyumbani kama alivyofanya mara nyingi siku hiyo. Nzi anaondoka pale alipotua, anamfikia, miguu sita inamfunga, na mdomo mgumu unapenya mahali palipo laini, kwa mfano shingoni. Mate yanayoingia yana sumu ya kupooza neva na vimeng'enya vinavyoyeyusha nyama. Nyuki anakoma kutikisika. Nzi anatua naye, anamfyonza bila haraka, na kinachoanguka chini ya nguzo mwishoni ni ganda tupu, mabawa yakiwa mahali pake, miguu ikiwa mahali pake, na pengine chavua ya manjano ingali imeshika kwenye miguu ya nyuma.

Wafugaji nyuki wana haki ya kumchukia. Mwaka 1997 jarida la Marekani, American Bee Journal, lilichapisha makala ya Rabinovich na Corley iliyomtangaza kuwa mwindaji mpya na hatari wa nyuki wa asali nchini Argentina. Lakini tukumbuke kwamba nyuki wa asali si mwenyeji wa bara la Amerika. Aliletwa na Wazungu, kama farasi, kama ng'ombe, kama ngano. Kabla yake nzi huyu alikuwa akiwinda wadudu wa palepale, na hakuna aliyemwandikia makala. Baadaye mizinga ikapangwa safu kwa safu, Argentina ikawa miongoni mwa nchi zinazouza asali nyingi zaidi nje, na nzi ambaye hakubadilika lolote akajikuta mhalifu. Uhalifu wake ulianza siku tulipoiweka mali yetu njiani mwake.

Hadi hapo hadithi ni nyepesi. Inakuwa ngumu pale jike anapotaka kutaga.

Hatafuti mzoga, wala tundu, wala mwili wa mdudu mwingine. Anapanda juu. Anachagua bua refu la nyasi au waya wa uzio, na hapo anabandika mayai yake kwa mamia, katika fungu moja lililoshikamana. Marcela Castelo na Juan Corley, watafiti wa Argentina, walipochunguza mafungu hayo uwandani walikuta jike anapendelea kimo cha kati ya mita 1.25 na 1.50. Utafiti uliofuata, walioufanya na wenzao na kuuchapisha mwaka 2006, ulionyesha kwamba kimo hicho kina sababu: huwaongezea watoto uwezekano wa kumpata wanayemtafuta. Mayai yakiwa chini mno, watoto wote huangukia mahali pamoja. Yakiwa juu, upepo huwatawanya.

Buu anayetoka kwenye yai ni mdogo kiasi cha kubebwa na upepo, na hachagui aendako. Anaanguka kwenye nyasi, anajichimbia. Katika hatua hii ya kwanza hali kitu wala hatafuti. Anaishi kwa akiba aliyotoka nayo kwenye yai mpaka anapojivua ngozi. Baada ya hapo ndipo kitu kinaamka ndani yake, naye anaanza kuvutwa na harufu. Harufu hiyo hutoka sehemu ya nyuma ya utumbo wa funza mweupe wa mbawakawa aitwaye Cyclocephala signaticollis. Udongo huohuo una funza wa mbawakawa wengine pia, lakini buu huyu karibu kila mara humfuata huyo mmoja. Gizani, kati ya punje na punje ya udongo, anatambaa kuelekea mnyama ambaye mama yake hakumwona wala hatamwona, kwa sababu mama aliishia kwenye waya wa seng'enge, juu, penye jua.

Akimpata anajishikiza nje ya ngozi yake. Hamuui wakati huo. Funza anaendelea kuishi akiwa amembeba mgeni wake, na majira ya baridi yanapita hivyo. Mwisho wake buu humla akammaliza, anageuka bundo mlemle ardhini, na kiangazi kinachofuata nzi mwenye manyoya anatoboa udongo, anakausha mabawa, na kwenda kutafuta nyuki.

Ni wachache sana wanaofika. Mayai ni mamia kwa fungu moja. Kama hata nusu yao wangekuwa nzi, Pampa isingekuwa na mzinga uliobaki. Wengi huangukia mahali pasipo na funza. Wengine humkuta funza aliyekwisha kupata mgeni, na funza mmoja hutosha kulea nzi mmoja tu. Maisha hayo humalizikia ardhini bila mtu kuyaona, na kwa kweli haya ndiyo maisha ya kawaida ya spishi hii. Nzi tunayemjua, yule wa kwenye nguzo, ni tukio la nadra.

Sasa lirudishe lile swali la faida. Mfugaji nyuki atakujibu kwa hasira. Lakini funza weupe hula mizizi, na katika jimbo la Buenos Aires wamo miongoni mwa waharibifu wa viazi. Jirani wa mfugaji nyuki, mwenye shamba la viazi upande wa pili wa ule ule uzio, angekuwa na kila sababu ya kumtakia nzi huyu maisha marefu. Ni kiumbe mmoja. Juu ya ardhi ni mwizi, chini ya ardhi ni mlinzi, na yeye mwenyewe hajui kwamba kuna uzio.

Wapo watakaosema tupige hesabu: kilo za viazi zilizookolewa, tutoe kilo za asali zilizopotea, tuone kinachobaki. Hesabu hiyo inawezekana, na kwa anayepanga matumizi ya wilaya ni kazi halali. Ila jibu lolote litakalotoka litakuwa habari zetu sisi. Bei ya asali ikipanda Ulaya, nzi anakuwa mbaya zaidi. Viazi vikikosekana sokoni, anakuwa mwema. Thamani ya maisha yake inapanda na kushuka, ilhali yeye hajabadilika hata unyoya mmoja. Sielewi tunawezaje kukiita kitu cha namna hiyo maana ya maisha ya mtu yeyote, hata kama mtu huyo ni nzi.

Mwezi wa Septemba mwaka 1833 Charles Darwin, akiwa kijana wa miaka 24, alisafiri kwa farasi kutoka Bahía Blanca hadi Buenos Aires, akikata nchi hii hii. Miaka 27 baadaye, mwezi Mei 1860, alimwandikia rafiki yake Asa Gray, mtaalamu wa mimea wa Harvard, barua ambayo imekuwa mashuhuri. Humo alikiri kwamba hawezi kujishawishi kuwa Mungu mwenye rehema aliwaumba kwa makusudi nyigu ambao watoto wao hula viwavi wakingali hai. Angeweza kuandika hayo hayo juu ya buu wetu na funza wake. Tangu hapo wengi wameichukua hoja hiyo na kuisogeza mbele kuliko Darwin mwenyewe: wanasema ulimwengu wenye mambo kama haya hauna maana yoyote, kila kitu ni kula na kuliwa.

Kwa mwenye imani, swali la Darwin ni zito, na sitaki kulipita kwa haraka. Kila dini niijuayo imelazimika kukaa nalo usiku kucha. Lakini nadhani waliolisogeza mbele wameruka hatua moja. Ili tushtuke kwa ajili ya kiwavi, ni lazima kwanza tuwe tumekubali kwamba mambo yanaweza kumwendea vibaya kiwavi. Hakuna anayelionea huruma jiwe linaloliwa na maji. Mshtuko wenyewe ni ushahidi. Unatuambia kwamba pale chini ya nyasi kuna mahali ambapo jambo fulani ni jema na jambo fulani ni baya, kwa ajili ya kiumbe fulani, hata kabla hatujafika sisi na swali letu. Ulimwengu usio na maana yoyote usingetutisha kwa namna hiyo.

Jakob von Uexküll, mwanabiolojia aliyezaliwa Estonia mwaka 1864, alifundisha jambo hili kwa kumtumia kupe. Katika kitabu chake cha mwaka 1934 anamweleza kupe aliyetulia kwenye kijiti msituni. Msitu mzima uko pale, ndege, rangi, sauti za miti, na kwa kupe yote hayo hayapo. Kinachohesabika kwake ni mambo machache tu: harufu ya asidi inayotoka kwenye ngozi ya mnyama, joto la damu, mguso wa manyoya. Wafugaji wetu wanawajua kupe kuliko alivyowajua Uexküll, lakini yeye aliuliza jambo ambalo aghalabu hatuulizi tunapomwogesha ng'ombe: dunia iko vipi kwake? Mwaka 1940 aliandika kitabu kingine, mada yake ikiwa maana yenyewe, akidai kwamba kila kiumbe hai anaishi ndani ya maana kama samaki ndani ya maji. Hakuna mnyama anayekutana na vitu vitupu. Hukutana na chakula, njia, kizuizi, adui, mwenzi.

Nikimrudia buu wa Pampa kwa macho hayo, udongo anaotambaa ndani yake unabadilika. Kwetu ni udongo tu, tope au vumbi kutegemea mvua. Kwake una upande wa kwenda na upande wa kuacha. Kuna mahali harufu inazidi na mahali inapungua, na tofauti hiyo ndogo ndiyo tofauti kati ya kuwapo mwakani na kutokuwapo. Hans Jonas, mwanafalsafa wa Kijerumani aliyepoteza mama yake Auschwitz na hivyo hakuwa mtu wa kuchezea maneno kama uhai na kifo, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1966 kwamba kiumbe hai hutofautiana na kitu kwa jambo moja la msingi: kiumbe hai lazima kila mara apokee kutoka nje ili aendelee kuwa. Jiwe lipo bila kufanya lolote. Aliye hai asipofanya, hayupo. Kwa hiyo kuwapo kwake ni shughuli yake, na inaweza kushindwa.

Utauliza kama buu anayajua haya. Sidai hivyo. Mtoto mchanga naye hajui maana ya maziwa, hana neno wala wazo juu yake, na hakuna mzazi atakayekuambia kwamba kwa hiyo maziwa hayana maana kwa mtoto huyo. Kujua huja baadaye, kama kunakuja. Jambo kumhusu mtu huanza mapema zaidi, na mimi naamini huanza mapema sana, chini sana, kwa viumbe ambao hatujawahi kuwafikiria.

Hapa sitaki kumpamba yule jike. Sitamwita mama mwenye upendo. Kimo cha mita moja na robo kilichongwa na vifo, vizazi na vizazi vya watoto wa wale waliotaga chini mno, wasiofika. Hata hivyo tendo lake lote limeelekea mahali ambapo yeye hafiki: upepo ambao hatausikia, udongo ambao hataingia tena, funza ambaye hisi zake za utu uzima hazimtafuti kabisa. Tendo linalotazama mbele kuliko maisha ya mtendaji tumezoea kulidai kuwa letu peke yetu, sisi wenye wosia na makaburi. Kumbe limekuwapo kwenye nyasi za Pampa bila sisi.

Na bado siwezi kuimaliza habari hii kwa kusema kwamba kila kitu kinapatana. Wapenda mazingira hupenda kuzungumza juu ya mizani ya asili, kana kwamba kuna mahali mtu anaweza kusimama akaona hasara zote zimelipwa. Nyuki aliyeshikwa hewani halipwi na mizani hiyo. Alikuwa na njia yake ya kurudi, na mzigo wake. Funza naye alikuwa na mizizi yake, na wakati wake wa kutoka akiwa mbawakawa. Maana ni tatu, na katika tukio moja ni moja tu inayotimia huku nyingine zikikatwa. Sioni namna ya kuzijumlisha ziwe moja, na nimeacha kuitafuta.

Ninachokiona ni kwamba kuna kiumbe mmoja tu huko Pampa anayeweza kuzishika zote tatu kwa pamoja. Nyuki hamjui funza. Funza hamjui nyuki. Nzi mwenyewe hajui kwamba alikuwa buu. Hakuna kinachoonyesha kwamba akiwa juu ya nguzo anaibeba habari ya giza alikotoka. Aliyeziunganisha habari hizi ni binadamu, watu waliokwenda uwandani kupima bua moja baada ya jingine, wakamweka buu kwenye maabara na kumwangalia anageukia harufu ipi. Walianza, kama tunavyoanza wote, kwa sababu ya asali iliyopotea. Lakini mtu hahitaji kujua mdudu aliye kipofu wa hatima yake anajivua ngozi lini ili kuokoa asali. Mahali fulani katikati ya kazi swali liligeuka, likawa: anaishije? Naliona geuko hilo kuwa moja ya mambo bora tunayoweza kufanya tukiwa na akili hizi tulizopewa.

Funza yule, Cyclocephala signaticollis, amevuka bahari. Yuko Australia, anaharibu nyasi za bustani na viwanja, na huko anaitwa kwa jina la Argentina. Nzi hakuvuka naye. Hapa kalamu inavutwa kumalizia kwa ushindi: kumbe ana faida, tazameni wanavyotaabika wasio naye! Ninaukataa mvuto huo, kwa sababu ungerudisha kila kitu mikononi mwa lile swali la kwanza. Tuseme kesho ipatikane hesabu inayoonyesha kwamba nzi huyu hapunguzi funza kiasi cha kumsaidia mkulima hata mmoja. Buu aliye ardhini usiku huu hatakuwa amepungukiwa na chochote. Harufu itakuwa pale pale, na muda wake wa kuifuata utakuwa mfupi vilevile.

Mfugaji nyuki atakayekuta fungu la mayai kwenye uzio wake huenda akalibandua na kulikanyaga. Simwiti mkatili, nyuki wake nao wana maisha ya kulindwa, na yeye ana watoto wa kulisha. Ningependa tu awe ameshasikia habari za upepo na za funza kabla hajaamua.